Merikani ya Bibi

Bibi yangu wa Ng'ambo, Unguja, alishona foronya za mito ya sufi kwa kitambaa kizito, rangi ya maziwa, ambacho hakikuwa na jina jingine ila merikani. Nilipomuuliza kwa nini merikani, alinijibu: "Ndilo jina lake. Shika sindano."

Jibu nililipata chuo kikuu. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Muscat, Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alitiliana mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts: bidhaa za Wamarekani zitozwe ushuru wa asilimia 5, basi. Waingereza walipata mkataba wao 1839, Wafaransa 1844. Meli za Salem, Massachusetts, zikaja Unguja na majora ya pamba, ndiyo merikani yenyewe, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, utomvu mgumu wa kutengenezea vanishi. Nikaamua hiyo ndiyo kazi yangu, historia ya uchumi na diplomasia. Baba aliiita kazi ya kusoma barua za maiti.

Na mwanzoni nilizisoma vibaya. Sura yangu ya kwanza ya tasnifu niliijaza malalamiko ya Richard Waters, balozi mdogo wa Marekani aliyefika Unguja 1837, nikayachukua kama kauli ya Washington. Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa penseli: "Huyu analipwa na nani?"

Halipwi na mtu. Mabalozi wadogo wa Marekani wa wakati ule hawakuwa na mshahara. Walikula kwa biashara na ada. Waters alikuwa mfanyabiashara, tena ameelewana vizuri na Jairam Shivji, aliyekodishwa forodha yote ya Unguja. Wamarekani wenzake walionung'unika hawakuwa wanamwonea. Sura nzima nikaitupa.

Karatasi zake zimehifadhiwa kwenye Maktaba ya Phillips. Nilifika Salem Januari, nimevaa makoti mawili ya kuazima, kumbe maktaba ilishahamia Rowley, mji mwingine wa Massachusetts. Tovuti yao ilisema wazi, mimi sikusoma. (Mtu anayeishi kwa kusoma!) Siku ya pili nikawa mbele ya mwandiko wa Waters: Mcha Mungu anayewasikitikia watumwa, na hapo hapo anahesabu pembe kwa frasila, kila frasila kama ratili 35. Mkono ni ule ule, wino ule ule.

Siku hizi nafundisha. Nawapa wanafunzi mkataba wa 1833 na ule wa 1839, nawaambia watafute pembe na sandarusi. Katika ule wa Waingereza wanazikuta: Sayyid amezifunga kwa wageni pwani ya Mrima, kutoka upande wa Tanga hadi Kilwa. Katika ule wa Wamarekani hazimo. Huwaacha wagombane kidogo. Kuna anayesema Sayyid alijisahau 1833, na kuna anayesema bado hakuwa amejua hao Wamarekani wangetaka kufika wapi. Mimi niko na huyu wa pili, ila simwambii mpaka kipindi kiishe.

Niliporudi kutoka Rowley nilimweleza bibi yote, tangu Muscat hadi viwanda vya Massachusetts. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umepanda ndege kwenda kutafuta jina la kitambaa."

"Ndiyo, bibi."

"Na hukuniletea hata yadi mbili?"

Nilimnunulia Darajani kesho yake.