Mizani ya Kibaigwa: kagua alfajiri

Ukaguzi unaotangazwa wiki nzima hunasa stika za uhakiki tu, si mizani yenyewe: mizani mbovu inafichwa, nzima inatolewa. Mkaguzi wa vipimo, sokoni Kibaigwa, soko la mahindi mkoani Dodoma, nenda magari yanapopakia. Kwanza fagia chini ya jukwaa la mizani. Punje za mahindi zikikwama hapo, uzito unapungua na mkulima ndiye anayepunjwa. Hakikisha mizani tupu inasoma sifuri. Weka jiwe la kilo 20 katikati, kisha kila kona. Kona moja ikisoma 19, hiyo haihitaji onyo, inahitaji fundi. Ifungie hapo hapo, andika namba yake, piga picha. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ipime gunia zima, kikomo ni kilo 100. Halafu rudi bila taarifa. Wakaguzi wengi hawarudi, na wapimaji wanalijua hilo vizuri.