Chukulia kwamba dereva hajakuona

Kanuni ya kwanza ya kukimbia barabarani ni kutazamana na magari. Panapoendeshwa kushoto, kaa kulia. Panapoendeshwa kulia, kaa kushoto. Gari la kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo ni afadhali mara mia uwe unaliona likija, ili likiyumba upate nafasi ya kurukia pembeni.

Ila kanuni hii ina tundu ambalo halisemwi vya kutosha. Chukua barabara ndogo inayoingia barabara kuu, upande uleule unaokimbilia. Dereva aliyesimama pale anasubiri nafasi ya kuingia kwenye mkondo wa karibu. Shingo ameigeuzia kule magari yanakotokea. Wewe, kwa kuwa unatazamana na magari, unamjia kutoka upande wa pili, ambako kwa hesabu yake hakuna kitu. Mwanya unapatikana, anaachia breki, gari linajongea, na uso wake bado uko kule. Wakati huohuo wewe umeshafika mbele ya boneti.

Kwa hiyo kila unapokaribia mdomo wa barabara, punguza mwendo na utafute macho ya dereva. Asipokutazama, au vioo vikiwa vya giza usimwone, hesabu kwamba hajui kama upo: zunguka upite nyuma ya gari lake. Unapoteza sekunde chache tu. Saa ya mkononi isikufanye uone uchungu kuzipoteza.

Kona nayo ina masharti yake. Barabara ikipindia upande wako, ukuta, kichaka au kingo ya mlima inamficha dereva usimwone, naye hakuoni mpaka mmekaribiana mno. Vuka mapema, mahali unapoona mbali pande zote mbili, pita kona kwa upande wa nje, kisha rudi upande wako. Usivukie ndani ya kona yenyewe. Kilele cha mlima kinaficha vivyo hivyo.

Usiku, wengi hujidanganya kwa rangi. Zile rangi kali za njano na chungwa hung'aa kwa sababu ya mionzi ya jua. Giza likiingia zinakuwa nguo kama nguo nyingine. Kinachofanya kazi usiku ni kiakisi mwanga, kile kitambaa cha kijivu kinachorudisha mwanga wa taa kule ulikotoka. Kivae penye viungo vinavyocheza: vifundo vya miguu, magoti na vifundo vya mikono. Kikiwa kifuani peke yake, kwa mbali chaweza kuonekana kama kibao cha barabarani. Kikipanda na kushuka miguuni, dereva anatambua mara moja kwamba ni mtu. Kipime hivi: kitundike gizani, rudi nyuma hatua 30, weka tochi kando ya jicho lako kisha ukimulike. Tochi ukiishika kiunoni kitaonekana kimefifia hata kama ni kizima, maana mwanga unarudi kwenye tochi, si kwenye jicho. Vilivyofuliwa sana huchakaa, vibadilishe. Ukivaa taa ya kichwani, iinamishe unapokutana na watu, usiwapofue.

Muziki: sikio moja tu, na lile linaloelekea barabara libaki wazi. Baiskeli na magari ya umeme hayatoi mlio wa kukushtua mapema.

Adabu kubwa kuliko zote ni namna ya kumpita mtu kwa nyuma. Anayetembea peke yake, ghafla anasikia vishindo na mtu anahema mgongoni. Jioni hilo ni jambo la kutisha kabisa, hasa kwa mwanamke. Ukiwa umebakiza mita 10 hivi, sema kwa sauti ya kawaida, "Samahani, napita kulia," kisha mpe nafasi ya mita moja na nusu. Nafasi hiyo ina maana, kwa sababu wengi wakiitwa hugeuka, na wakigeuka husogea upande uleule wa sauti. Usipite katikati ya mzazi na mtoto, wala katikati ya mbwa na anayemshika. Kamba huwa haionekani mpaka imekunasa. Na mwanamume anayemkuta mwanamke peke yake gizani, avuke upande wa pili wa barabara akiwa bado mbali. Si lazima mtu aombe ndipo afanyiwe hivyo.

Kwenye kundi, msizidi wawili sambamba, na gari likija mjipange mmoja nyuma ya mwingine. Wa nyuma aite "gari nyuma", wa mbele "gari mbele". Kabla ya kugeuza, kutema mate au kuinama kufunga kamba, angalia nyuma kwanza. Uwanjani, mstari wa ndani waachie wanaokimbia kwa kasi. Wa kupasha misuli wakae mistari ya nje.

Mbwa akikujia, acha kukimbia, maana mbio ndizo zinazomwita afukuze. Simama ubavu, mikono chini, usimkazie macho, ondoka polepole. Akikuuma au kukuchana, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Hili usilipuuze hata jeraha likiwa dogo.

Radi: kati ya mwako na ngurumo ikipita chini ya sekunde 30, ingia ndani ya jengo au gari, si chini ya mti, na usitoke mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mwachie mtu wa nyumbani njia unayopita na saa ya kurudi, na ubebe jina lako na namba ya wa kupigiwa. Lakini njia hiyohiyo usiimwage mtandaoni. Mnamo Januari 2018 ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilionekana kuanika njia za mazoezi ndani ya kambi za kijeshi. Basi mlango wa nyumba yako utajificha vipi? Ingia kwenye mipangilio ya faragha, ficha mwanzo na mwisho wa kila mzunguko, na upandishe mbio zako ukiwa umeshafika.