Siku tuliposhinda mdahalo wa uteule

Mwenyekiti wa vijana aliiandika mada ubaoni wiki mbili kabla, "Je, Mungu ndiye anayemchagua mtu aokoke, au mtu ndiye anayemchagua Mungu?", na mimi nikanyoosha mkono hata hajafika kwenye alama ya kuuliza. Upande wa kwanza ni wangu. Nilikuwa na miaka 23, nimeokoka miaka minne, na kwa mwaka mzima nilikuwa sitoki Warumi 9, ile ya Mungu kumrehemu amtakaye, wanasema nzi kufia kidondani si hasara, basi ndo mimi na hiyo sura.

Nikatafuta daftari jipya na peni mbili. Nyekundu ni za aya zinazosema Mungu ndiye anachagua, bluu ni zile ambazo wapinzani wangezileta, ili nisije nikashtukizwa. Nyekundu zilijaa haraka, Waefeso 1:4, Yohana 15:16, alafu Matendo 13:48 nikaizungushia duara kabisa maana inasema "waliokuwa wamekusudiwa uzima wa milele wakaamini", yaani kukusudiwa kwanza, kuamini baadaye, nikasema hapa hachomoki mtu. Bluu nazo kumbe hazikuwa haba. Kumbukumbu la Torati 30:19 chagua uzima, Yoshua 24:15 chagueni hivi leo, 1 Timotheo 2:4 Mungu anataka watu wote waokolewe, na Mathayo 23:37 pale Yesu anaiambia Yerusalemu nilitaka kuwakusanya lakini hamkutaka. Kwa Farao nilicheza rafu kidogo, kwenye Kutoka kuna mahali Bwana anaufanya moyo wake kuwa mgumu na kuna mahali Farao anaufanya mgumu yeye mwenyewe, mi nikaandika 9:12 nikaiacha 8:15 ipumzike.

Ila Wafilipi 2 ilinisumbua. Aya ya 12 utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka, safi, hiyo bluu. Aya ya 13 Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu, hiyo nyekundu, tena nyekundu ya damu. Shida ni kwamba katikati kuna "kwa maana", zimeunganishwa, mtu anafanya kwa sababu Mungu anafanya, na mi hapo nina peni mbili mkononi na kila aya inatakiwa iwe na rangi moja. Nikakaa nayo kama nusu saa hivi. Mwisho nikaona isiwe tabu, nikairuka.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Upande wa pili alikuwa dada mmoja wa kwaya, amenizidi kama miaka kumi, hakuja na karatasi yoyote, Biblia tu imechoka pembeni. Mimi nikaanza na historia, ndo silaha yangu. Nikawapa askofu Augustino, aliyesema bila neema mtu hawezi, na mpinzani wake Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kumtii Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, nikawapa mkutano wa maaskofu wa Karthago mwaka 418 ulioyakataa mafundisho ya Pelagio, nikashuka kwa Luther, yule mwanamatengenezo wa Ujerumani, anamjibu msomi Erasmus mwaka 1525 kwamba hiari ya mtu ni mtumwa, nikaja Dort kule Uholanzi, 1618 mpaka 1619, sinodi nzima, yaani mkutano wa kanisa, imekaa na kuwakatalia wafuasi wa Arminius, mwalimu wa dini wa hukohuko. Jina la Calvin, mwalimu mkuu wa upande wangu, nililitaja kama mara saba na nilikuwa sijawahi kumsoma hata ukurasa mmoja. Nikamalizia kwa kusema yeyote anayefundisha kwamba mtu ndiye anaamua ni Mpelagio wa kisasa, na wakati nasema nilikuwa namwangalia dada. Watu wakapiga makofi.

Dada akasimama akafungua Matendo 16, mlinzi wa gereza kaamka usiku kakuta milango yote iko wazi, anatetemeka, anauliza, yanipasa nifanye nini nipate kuokoka? Akasema Paulo hakumwambia subiri kwanza tuangalie kama umo kwenye orodha, alimwambia mwamini Bwana Yesu nawe utaokoka. Akakaa. Dakika mbili hata hazikuisha.

Nikaruka juu na Waefeso 2:8. Mmeokolewa! Nikawauliza jamani si wote hapa mnajua Kiswahili, aliyeokolewa amefanya nini? Hajafanya, amefanyiwa. Ilikuwa pointi nzuri na nilijua ni nzuri, ila dada bila hata kusimama akasema, "Lakini mdogo wangu, mbona kila ukitoa ushuhuda unasema nimeokoka? Sijakusikia hata siku moja unasema nimeokolewa."

Ukumbi ulicheka mpaka mtunza muda akagonga meza.

Hilo swali nimetembea nalo mpaka leo. Kuokoka ni kama kuvunjika. Ukisema kikombe kimevunjika hujasema nani kakivunja, wala hujasema kimejivunja, umesema tu kilivyo sasa. Kwenye Kigiriki cha Matendo 16 na cha Waefeso 2 kitenzi ni kilekile na sehemu zote mbili kiko kwenye hali ya kutendewa, sisi ndo tuna maneno mawili, na lile tunalolipenda zaidi, la kwenye ushuhuda, ni hilo linalokaa kimya kuhusu nani kafanya. Siku ile sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba nimechekwa, na nilikuwa na aya moja nimeiweka akiba.

Nikafungua Warumi 9:20 nikasoma kwa sauti ya kuhubiri, "La! Sivyo, Ee binadamu. Wewe u nani umjibuye Mungu?" Kimya. Nani atasema nini baada ya hapo? Dada akainamisha kichwa, sidhani kama alikuwa ameshindwa, nadhani alichoka tu. Na hakuwa anamjibu Mungu jamani, alikuwa ananijibu mimi. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono na upande wetu ukashinda kwa mbali, yaani tukapitisha kwa kura za watu kwamba kura ya mtu haina kazi, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo, mimi wa kwanza.

Kuna kitu kingine sikukijua. Wale wafuasi wa Arminius walitoa hoja zao tano mwaka 1610, na hoja ya tatu inasema wazi kwamba mtu hana imani iokoayo kutoka kwake mwenyewe, lazima azaliwe upya na Mungu, na ya nne inasema bila neema kumtangulia mtu hawezi kuwaza wala kutenda jema lolote. Walichokataa kuhusu neema ni kwamba haipingiki. Sasa huyo Pelagio nimemtoa wapi? Ugomvi haukuwa kama neema inahitajika, wote walikubaliana inahitajika, ugomvi ni kama mtu anaweza kuikataa, na mimi nilimwita dada wa watu jina la uzushi uliokataliwa mwaka 418 kwa kitu ambacho hakukisema. Hata Wesley na Whitefield, wahubiri wawili wa Uingereza, wa kwanza upande wa Arminius na wa pili upande wa Calvin, waligombana vibaya juu ya jambo hilihili kuanzia 1739, na bado Whitefield alipofariki 1770 Wesley ndiye aliyehubiri ibada ya kumkumbuka kule London, na Whitefield mwenyewe ndo alitaka iwe hivyo. Mimi nilichukua miezi miwili kumsalimia dada vizuri.

Watu walipotawanyika nilibaki kukusanya viti. Na kijana mmoja akabaki, alikuwa anakuja kama miezi mitatu hivi, anakaa mstari wa nyuma karibu na mlango, hajawahi kuitika pale wanapoitwa wanaotaka kuokoka. Alikuwa mkimya sana. Tukabeba viti kama kumi bila kuongea alafu akasema, hata hakuniangalia,

"Kaka, sasa kama jina langu halimo, mi hapa huwa nakuja kufanya nini?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku hiyo. Nikamwambia ukiona unaogopa hivyo ujue umechaguliwa, ambaye hajachaguliwa hata hajali.

Akaniangalia. "Iko wapi hiyo?"

"Iko wapi nini?"

"Hiyo aya."

Nikaweka kiti chini nikafungua daftari nikaanza kupekua, kurasa nyekundu zote, kurasa za bluu, na hiyo aya haikuwepo maana sio aya, ni maneno nimeyasikia kwa wahubiri, na nikimwangalia yule kijana naona kabisa anasubiri kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Miaka mingi baadaye nilipomsoma Calvin kweli nikakuta anasema Kristo ndiye kioo cha kuutazamia uteule wetu, ukijikagua mwenyewe hutauona. Yaani hata mtu niliyekuwa najificha nyuma yake asingempa jibu nililompa mimi, la kumwambia ajipime woga wake.

Akanyoosha mkono, akalichukua daftari taratibu, akawa anasoma. Akafika mahali akasimamisha kidole.

"Hizi nukta ni za nini?"

Ilikuwa Yohana 6:37. Niliandika kwa nyekundu, herufi kubwa, WOTE ANIPAO BABA WATAKUJA KWANGU, alafu nukta tatu. Nikamwambia aya inaendelea, ila niliandika nilichokihitaji.

"Inaendeleaje?"

Na wallahi sikukumbuka. Nilikuwa nimeisoma mara mia, ila kila nikifika hapo kwenye nukta macho yanaruka. Biblia yangu ilikuwa mezani mbele, nikaenda kuichukua, nikarudi, nikasoma nimesimama katikati ya viti: "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe."

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Yeyote?"

"Ndo imeandikwa."

"Hii ya mwisho ni nyekundu au bluu?"

Nikamwambia sijui. Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililosema siku nzima, na nilisubiri acheke, hakucheka. Akauliza kama nina peni nyingine, nikapapasa mfuko, zile zangu nilikuwa nimeziacha mezani, kwa hiyo akatoa penseli yake fupi imetafunwa nyuma, akaegemeza daftari kwenye rundo la viti, akafuta nukta zangu kwa kuzichorachora juu na kuandika sehemu iliyobaki kwa mwandiko wake, polepole, mi namtajia neno kwa neno. Alafu akanirudishia daftari tukamalizia viti.