Shemeji, kazi wanafanya. Karatasi ndizo hazijafika

Shemeji yangu ni dereva wa treila. Anakata Ohio, Indiana, Illinois hadi Missouri, na akiwa njiani ana saa nyingi za kusikiliza redio na kunitumia ujumbe wa sauti. Tangu Julai 4, 2025, Rais Trump alipotia saini ile sheria kubwa ya kodi na bajeti, wimbo wake ni mmoja: mtu mzima mwenye nguvu zake afanye kazi, asiyefanya asile jasho la mwenzake. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ibaki kwa wazee, walemavu na watoto. Stempu za chakula ziende kwa mwenye njaa ya kweli. Akimaliza anasema, "Haya shemeji, nijibu, usinune."

Sinuni. Ila jibu langu halitoshi kwenye ujumbe wa sauti, ndiyo maana naliandika hapa.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, Columbus, Ohio. Naogesha, nabadilisha shuka, napika uji, nakumbusha dawa, nampeleka mtu chooni na kumrudisha. Wengi wanajua Medicaid kama bima ya maskini asiye na kazi. Wachache wanajua kwamba ndiyo inayolipia zaidi ya nusu ya wazee walioko kwenye nyumba za kulelea nchi hii, na ndiyo inayolipia saa zangu nyingi. Kwa hiyo shemeji anapotaka bomba lifungwe kidogo, mimi nimesimama chini ya bomba hilo hilo na ndoo yangu.

Sheria yenyewe inasema hivi. Kwa wale watu wazima wa miaka 19 hadi 64 waliopata Medicaid kupitia upanuzi wa Obamacare, yaani sheria ya afya ya Obama iliyofungua Medicaid kwa watu wazima zaidi wenye kipato kidogo, kufikia Januari 2027 watatakiwa kuonyesha saa 80 kwa mwezi za kazi, masomo au kujitolea, au waonyeshe kwamba wamesamehewa. Na badala ya kukaguliwa mara moja kwa mwaka, watakaguliwa kila baada ya miezi sita. Kwenye stempu za chakula, ambazo jina lake rasmi ni SNAP, asiyetimiza saa za kazi anapata msaada miezi mitatu tu ndani ya miaka mitatu, na kikomo hicho kilikuwa kinaishia umri wa miaka 54. Sasa kimefika 64. Mzazi naye anasamehewa tu kama ana mtoto wa chini ya miaka 14. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo haina chama, ilikadiria kwamba kwa sheria hii watu wasio na bima wataongezeka kwa kama milioni 10 kufikia 2034.

Shemeji akisikia milioni 10 anasema, "Hao ndio wavivu wenyewe." Hapo ndipo tunapoachana.

Nikifika kwa mzee wangu asubuhi, kabla sijavua koti, nafungua programu kwenye simu na kubonyeza kwamba nimeingia. Simu inarekodi niko nyumba gani, nimeingia saa moja na dakika nne, natoa huduma gani, kwa nani. Nikitoka nabonyeza tena. Hilo si wazo la mwajiri wangu. Ni sharti la sheria ya nchi kwa huduma hizi za nyumbani zinazolipwa na Medicaid, lilipitishwa ili wizi uzuiwe. Nikisahau kubonyeza, napigiwa simu kabla sijafika kituo cha basi. Maana yake ni kwamba serikali inayolipa saa zangu inazijua saa hizo kwa dakika. Sasa mhudumu kama mimi mwenye Medicaid akitakiwa athibitishe kwa Medicaid kwamba anafanya kazi inayolipwa na Medicaid, utaratibu ukiwa mbovu atatakiwa atume karatasi. Nimelisema hili kwa shemeji mara nyingi, na hajawahi kulijibu. Anahamia kwenye mada ya mpaka na wahamiaji.

Nina mwenzangu wa kazi, nitamwita Mama Zawadi ingawa si jina lake. Ana miaka 58, watoto wake wakubwa, wameshaondoka. Bibi aliyekuwa anamhudumia alianguka bafuni akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali, kisha kituo cha mazoezi ya tiba. Mteja akilazwa, saa za mhudumu zinakatika siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna wa kuhudumiwa nyumbani. Kampuni ilikuwa na mteja mwingine, lakini upande wa mji ambako basi halifiki Jumapili. Wiki zikapita. Barua ikaja kuhusu kadi yake ya chakula, ile ya SNAP.

Nilikaa naye mezani tukaisoma. Kurasa nne za Kiingereza cha kisheria, na mwishoni mstari mmoja wa Kiswahili unaosema piga namba hii upate mkalimani. Karatasi za mshahara hana, kwa sababu kampuni haichapishi tena. Ziko ndani ya programu, na programu inataka nywila ambayo alitengenezewa na kijana wa ofisini aliyekwisha kuacha kazi. Tukapiga simu. Muziki. Tukapika chai, muziki. Simu ikakatika yenyewe. Mama Zawadi akasema, "Mwanangu, mimi nimebeba watu mgongoni miaka yote hii, leo nashindwa na nywila?" Akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

Sheria inamruhusu kueleza kwamba saa zilipungua kwa sababu ya msingi. Ni kweli. Lakini lazima aeleze, kwa wakati, kwa mtu anayepokea simu.

Na si kwamba nabahatisha yatakayotokea. Arkansas walilijaribu hili kwenye Medicaid mwaka 2018. Saa 80 kwa mwezi, hizo hizo. Mwanzoni watu walitakiwa kuripoti kupitia tovuti, na tovuti hiyo ilikuwa inafungwa saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, kana kwamba nayo inakwenda kulala. Ndani ya miezi michache watu kama 18,000 wakapoteza bima, mpaka hakimu wa shirikisho aliposimamisha mpango Machi 2019. Watafiti waliofuatilia hawakuona ajira kuongezeka. Wengi wa waliotakiwa kuripoti walikuwa tayari wanafanya kazi au walistahili kusamehewa. Hawakuripoti tu, au waliripoti vibaya, au hawakujua kama kuna kitu cha kuripoti.

Sasa nimpe shemeji haki yake, maana anayo, na wenzangu wa upande wa Democrat hawapendi kuisikia. Kuna kijana kazini kwetu anakataa shifti za Jumamosi. Si mvivu, nimemwona akigeuza mzee wa kilo mia peke yake. Anakataa kwa sababu ana kisukari, na akizidisha kipato atavuka mstari wa Medicaid, ambao kwa mtu mmoja mwaka 2025 ulikuwa kama dola 21,600 kwa mwaka. Akiuvuka anakwenda kununua bima kwenye soko la bima la Obamacare, yenye malipo ya kila mwezi na kiasi cha kujilipia kwanza mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Amekaa akapiga hesabu na kuona kwamba kufanya kazi zaidi kunamgharimu. Shemeji akisema mfumo huu unawafundisha watu kujizuia, kijana huyu ni ushahidi wake, na siwezi kumbishia. Ninachombishia ni dawa. Sheria mpya haikuugusa mstari huo. Imeongeza ukaguzi kwa walio chini yake.

Pia ana haki kwenye gharama. SNAP ilikula kama dola bilioni 100 mwaka wa fedha 2024, na Medicaid ni mara kadhaa ya hiyo ukijumlisha mchango wa majimbo. Hela hizo zinatoka kwa watu kama yeye, anayelala kwenye kichwa cha lori. Anapotaja asilimia ya makosa kwenye malipo ya SNAP, karibu 11 mwaka 2024, anataja namba ya kweli. Ila namba hiyo si ya wizi. Imo hela iliyozidi na hela iliyopungua, na makosa mengi ni ya hesabu, ya mwombaji au ya karani. Sasa ngoja uone utamu wake: kuanzia Oktoba 2027, jimbo lenye makosa mengi litachangia sehemu ya chakula chenyewe, jambo ambalo halijawahi kuwapo. Karani anayeogopa kukosea ataomba nini? Karatasi zaidi.

Ohio tuna mwanasiasa mmoja ambaye peke yake ni ugomvi huu mzima: John Kasich. Mwaka 1996, akiwa mbunge wa Republican kule Washington, alikuwa mmoja wa waliopeleka kile kifungu cha miezi mitatu cha stempu za chakula, ambacho Rais Clinton, Democrat, alikitia saini ndani ya sheria yake ya ustawi wa jamii. Mwaka 2013, akiwa gavana, Kasich huyo huyo aliwazunguka wabunge wa chama chake mwenyewe ili Ohio ipanue Medicaid, akawaambia kwamba ukifika mbinguni Mtakatifu Petro hatakuuliza sana ulivyoipunguza serikali, atakuuliza uliwafanyia nini maskini. Shemeji anampenda wa 1996, mimi nampenda wa 2013. Tunachekana.

Leo upanuzi ule umening'inia. Serikali kuu inalipa asilimia 90 ya gharama yake, na bajeti ya Ohio ya 2025 iliwekwa sharti: asilimia hiyo ikishuka, jimbo linaufuta. Ni zaidi ya watu laki saba.

Missouri, anakoshusha mizigo, wananchi walipiga kura mwaka 2020 wakaupitisha upanuzi wenyewe, katika jimbo lililompa Trump ushindi mwaka huo huo. Ndiyo maana seneta wao Josh Hawley aliandika gazetini Mei 2025 kwamba kukata Medicaid ni kosa kimaadili na ni kujiua kisiasa. Kura ilipofika akapiga ndiyo. Seneti iligawanyika 50 kwa 50, kura ya Makamu wa Rais Vance ndiyo iliyoipitisha sheria. Nilimtumia shemeji habari hiyo. Akajibu, "Wanasiasa ni wanasiasa," na hapo tulikubaliana kuliko siku zote.

Kitu kimoja zaidi kuhusu shemeji, na kanipa ruhusa kukisema. Dereva anayejitegemea hana bima ya kazini. Familia yake inanunua kwenye soko la Obamacare, kwa ruzuku. Nyongeza ya ruzuku hizo iliisha mwisho wa 2025, na ugomvi juu yake ndio uliokuwa kiini cha serikali kuu kufungwa siku 43 kwa kukosa bajeti, ambapo Novemba 2025 kadi za chakula za watu kama milioni 42 zilikwama. Wiki ile kanisani kwetu foleni ya mchele na maharage ilifika kwenye maegesho, na niliwaona humo watu waliovaa sare za kazi kama yangu. Januari malipo ya bima ya shemeji yakapanda. Alikasirika kweli kweli. Nikamuuliza, kwani ruzuku si msaada wa serikali? Akasema hapana, ile ni kodi yake inamrudia. Nikamwambia Mama Zawadi naye analipa kodi. Kimya kidogo, kisha: "Shemeji, mimi nafika mizani, tutaongea."

Bado hatujamaliza. Wakati huo, kama una Medicaid ya watu wazima hapa Ohio, fanya hivi wiki hii: hakikisha anwani yako kwenye ofisi ya kaunti ni ile unayoishi sasa, maana barua ikirudi unaweza kuhesabiwa hujajibu. Ingia kwenye programu ya mshahara, piga picha kila malipo, jitumie kwa barua pepe. Ukipigiwa simu namba usiyoijua asubuhi, pokea, huenda ni kaunti. Na wale ndugu waliokuja kama wakimbizi ambao bado hawajapata kadi ya kijani: sheria hii imewatoa kwenye SNAP, na Medicaid itawafuata Oktoba 2026 kwa wengi. Ombi la kadi ya kijani linafunguliwa mwaka mmoja baada ya kuingia nchini. Anayehitaji kusaidiwa kujaza fomu anione baada ya ibada, aje na barua zote, hata zile ambazo hajazifungua.