Modeli ya oksijeni mtoni: kosa lilijificha kwenye logi

Hatimaye! Wiki mbili nzima modeli yangu ya Streeter-Phelps (ile ya 1925, ya Mto Ohio, inayokadiria oksijeni inayobaki mtoni uchafu ukioza) iling'ang'ania kuwa Mto Msimbazi, Dar es Salaam, una oksijeni tele, huku kipimo kikikataa katakata.

Nilipunguza hatua ya muda, nikapima upya kasi ya maji. Wapi!

Kumbe kasi ya kuoza kwa uchafu, 0.1 kwa siku, niliinakili kwenye jedwali la kitabu cha zamani, la logi (logarithm) za kumi. Programu yangu inatumia logi za asili, za namba e (takriban 2.718). Nikazidisha kwa 2.303, nikapata 0.23. Halafu joto: jedwali ni la nyuzi 20, maji yangu 28. Nikazidisha tena kwa 1.047 kwa kipeo cha 8 (tofauti ya nyuzi): 0.33. Mgawo wa hewa kuingia majini ulikuwa wa e tayari, kwa hiyo ule msiuzidishe kwa 2.303. Mstari wa modeli ukashuka, ukapita katikati ya vipimo.