Nilivyoziweka voisi za kwaya kwenye redio ya mama bila kununua redio mpya

Mama yuko Igombe, anaanika dagaa na anaimba sauti ya pili kwaya. Mwalimu wao siku hizi anafundisha kwa voisi za WhatsApp, na mama simu yake kitochi, so zinakuja kwangu mimi huku Mwanza mjini nizitie kwenye flashi apige kwenye redio yake ya siku nyingi.

Nikaenda kibanda kimoja cha kuweka nyimbo pale Makoroboi. Dogo ananiambia "braza hiyo simpo, futa hapo mwisho andika mp3", akafanya zote fasta akala buku lake. Kufika Igombe redio ikasoma majina vizuri, ikaandika 00:00, ikaruka ya pili, 00:00, ikaruka mpaka ikarudi mwanzo, mama ananitazama tu. Jamani, kubadili jina hakubadilishi kilichomo ndani ya faili! Voisi zile ni Opus, aina ya faili la sauti iliyotoka 2012, na redio ile inajua MP3 na WMA basi. Mwingine akaniambia redio imekufa ninunue nyingine, elfu sitini na kitu huko, wakati nyimbo zingine inapiga freshi kabisa, sijui watu wanawaza nini.

Shemeji Nyegezi ana kompyuta ya zamani bado Windows XP. VLC (programu ya kupigia na kukonvati sauti) iliyokuwemo ilikuwa ya kabla ya Opus, ikagoma. Nikashusha 3.0, hiyo XP inaikubali ila iwe na sasisho la SP3 (Service Pack 3). Nikakonvati zote MP3, kbps 128, na hapo kwenye sample rate (sampuli za sauti kwa sekunde) weka 44100 maana Opus inatoka na 48000 na kuna vijiredio vinakwama hapo. Dakika moja inakula kama MB moja.

Sasa utamu uko hapa. Zikapiga, ila ubeti wa tatu unaanza kabla ya wa kwanza! Nikaandika 01, 02, wapi. Kumbe redio ile haina habari na majina, inafuata faili lipi lilitangulia kuingia kwenye flashi. Nikafomati flashi kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili kwenye flashi, nikakopi moja moja kwa mpangilio, kama unavyopanga samaki kwenye tenga, ikanyooka yenyewe. Flashi chukua hata ya GB 8, ikizidi 32 hiyo Windows XP inakataa kuifomati FAT32.

Mama sasa analalamika kuna muungurumo kwenye ubeti wa pili. Hiyo si fomati mama, mwalimu kajirekodi yuko kwenye daladala.