Wifi yangu karudishwa kaunta kwa sababu bili ya umeme ina jina la mumewe

Jana nimerudi nyumbani na hasira mpaka chakula hakikushuka. Naandika asubuhi hii kabla sijaenda kazini maana nikisubiri jioni itapoa na mimi sitaki ipoe.

Wifi yangu ana miezi mitatu hapa Marekani. Kaka kahangaika na makaratasi yake karibu miaka miwili, kaja kihalali kabisa na grinikadi yake mkononi. Ana form four, Kiingereza anasoma na kuelewa, kuongea ndio ulimi bado mzito kidogo. Mpango wake ni darasa la Kiingereza la jioni kwenye shule ya watu wazima ya serikali, akishachangamka aingie kozi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, aanze kazi. Usajili umefunguliwa wiki hii, unafungwa tarehe 12, ukifungwa umefungwa mpaka muhula mwingine. Basi nikaomba ruhusa kazini nikampeleka.

Tumekaa foleni saa moja na nusu. Kufika kaunta pasipoti ipo, grinikadi ipo, kadi ya Social Security ipo, cheti cha form four kipo, mpaka cheti cha ndoa alibeba maskini. Mama wa kaunta akataka karatasi mbili za kuthibitisha anakoishi. Nikampa mkataba wa nyumba na bili ya umeme. Kaangalia, karudisha. Jina si la mwanafunzi. Nikamwambia ni la mumewe, cheti cha ndoa hiki hapa, anuani ni hiyohiyo kwenye barua ya Social Security iliyokuja kwa jina lake. Akasema hiyo barua ni moja, zinatakiwa mbili. Halafu akamgeukia wifi akaanza kumwelekeza kwa sauti ya juu, neno moja moja, kama vile shida ya wifi ni masikio. Wifi akamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa kwamba nimekusikia mama, naishi na mume wangu kwenye anuani hiyo. Yule mama akaendelea na sauti ileile. Watu wa nyuma kwenye foleni wanatuangalia. Wifi akakusanya makaratasi yake moja moja akayarudisha kwenye bahasha, akasema asante, tukatoka. Kwenye gari hakuongea mpaka tunafika.

Sasa jamani, mimi sipingi shule kuuliza mtu anaishi wapi. Shule hizi zinaendeshwa kwa hela za serikali kuu na za jimbo, nyingine na za kaunti, lazima wajue anayesoma ni mkazi. Hata vyuo vya serikali, mkazi wa jimbo analipa ada yake na wa kutoka nje analipa kubwa zaidi, na majimbo mengi yanataka uwe umeishi mwaka mzima ndio uitwe mkazi. Hilo naelewa. Ninachokataa ni ile orodha yao. Aliyeiandika alikuwa anamfikiria mtu mwenye nyumba kwa jina lake, umeme kwa jina lake, akaunti ya benki kwa jina lake. Mtu wa hivyo hana shida sana na shule ya jioni ya Kiingereza! Anayeihitaji ni huyu mke aliyekuja juzi, kila kitu ndani ya nyumba kina jina la mwanaume aliyetangulia. Makaratasini yeye hayupo. Anapika, analala, anasafisha kwenye anuani ambayo hawezi kuithibitisha.

Na usiniambie akachukue kitambulisho cha jimbo kwanza. Marekani haina kitambulisho cha taifa kama chetu, kila jimbo linatoa chake, na ukitaka kile kinachokubalika kupanda ndege, cha REAL ID, sheria inataka tena karatasi mbili za anuani. Kwa hiyo ili upate karatasi ya tatu uwe nazo mbili za kwanza. Mtu anazunguka hapo miezi, na muhula unapita.

Bibi yangu alisoma ngumbaru enzi zile Mwalimu ametangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Aliulizwa jina lake tu, akapewa kibao. Nilimkumbuka sana jana pale kwenye maegesho.

Mimi mwenyewe nilipokuja miaka tisa iliyopita kwa ile bahati nasibu ya grinikadi nilifikia kwa watu, nikalala sebuleni kwao, na sikuwa na bili hata moja. Nilikaa miezi saba sijaingia darasa lolote kwa sababu hiyohiyo, na hakuna aliyeniambia njia nyingine. Ndio maana nikipigiwa simu na mtu anayekuja huwa nasema hili kabla ya habari ya baridi na kazi: wiki ya kwanza jina lako liwe kwenye kitu. Mwenyeji wako akuongeze kwenye mkataba wa nyumba au kwenye bili, chochote, maji, intaneti. Fungua akaunti ya benki statement ije kwa posta. Kachukue kadi ya maktaba ya umma, wengi wao hawana masharti makali na baadhi wana madarasa ya Kiingereza ya bure pia. Na ninyi akina kaka mnaoleta wake zenu, tafadhali, jina lake liongezeni kwenye bili akishatua tu, msisubiri mpaka arudishwe mbele za watu. Kaka yangu ni mtu mzuri sana lakini hili hakulifikiria, miezi mitatu yote, na nilimwambia jana bila kumficha.

Kuna kundi lingine linaloumia kuliko sisi. Kuna kijana aliniuliza mwezi uliopita, ameambiwa na wakala kwamba atapata viza ya mwanafunzi aje asome shule ya watu wazima ya serikali, kwa kuwa ni bure. Nikamwambia rudisha hela yako leo hii. Tangu sheria ya mwaka 1996, viza ya F-1, ndiyo hiyo ya mwanafunzi, haitolewi kwa ajili ya kusoma kwenye programu ya elimu ya watu wazima inayolipiwa na serikali. Haitolewi kabisa. F-1 ni kwa shule iliyoidhinishwa kutoa fomu ya I-20, ile karatasi ya shule unayoombea viza, na huko utalipa ada. Na aliyekuja kwa viza ya matembezi haruhusiwi kujiandikisha kwenye masomo rasmi, akifanya hivyo anaharibu hadhi yake mwenyewe. Wakala akikwambia tofauti muombe akuonyeshe I-20 yenye jina la shule, halafu itafute hiyo shule mwenyewe kwenye orodha ya serikali.

Kwa wenye makaratasi, mlango kisheria ni mpana kuliko kaunta zinavyouonyesha. Sheria inayogharamia haya madarasa ni ya mwaka 2014, inaitwa WIOA, na masharti yake si mengi: uwe na miaka 16 na kuendelea, usiwe umeandikishwa sekondari wala usiwe na umri wa kulazimishwa kuwa huko, halafu uwe na moja kati ya haya, huna cheti cha sekondari, au kusoma na hesabu ziko chini, au unajifunza Kiingereza. Hilo la mwisho ndio letu. Kuwa na cheti cha form four hakukufungii mlango, kama Kiingereza bado unakijenga unaingia. Nimeona daktari kabisa kutoka nchi nyingine amekaa dawati moja na mama asiyemaliza la saba.

Ukishapita kaunta kuna mtihani wa kupangwa. Wa Kiingereza mara nyingi ni CASAS, wa kusoma na hesabu ni TABE. Mimi TABE ilinikuta sijagusa hesabu miaka nane, nikapangwa ngazi ya chini, na nilikasirika kwelikweli, mimi mtu wa C ya hesabu form four nafundishwa sehemu na asilimia! Lakini nilikaa, na baada ya wiki kadhaa nikaona kumbe nilikuwa nakariri tu enzi zile. Mwenzangu mmoja aliwasumbua mpaka wakampandisha, wiki ya tatu akaacha shule. Kwa hiyo usimpe mtu akufanyie, usione aibu na ngazi yako, wanakupima tena baada ya kusoma makumi ya saa na unapanda. Ujue pia kwamba shule inabanwa na mahudhurio, mwanafunzi anaingia kwenye hesabu za ripoti ya serikali akishafikisha jumla ya saa 12 za masomo darasani, ndio maana ukikosa kosa wanakutoa na nafasi anapewa aliyeko kwenye foleni ya kusubiri. Kabla ya kujiandikisha hakikisha shifti zako zinakubali. Usiseme utaona hukohuko.

Asiye na form four kabisa asikate tamaa, kuna GED, mtihani wa kupata cheti kinachohesabika sawa na cha sekondari ya huku. Masomo manne, hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, kila moja unatakiwa upate 145 kwenye kipimo cha 100 hadi 200, na unaweza kufanya moja moja kadri unavyojiandaa. Inafanywa kwa Kiingereza au Kihispania, Kiswahili hakuna. Na wenye vyeti, njooni na vyeti halisi, cha form four, cha chuo, vyote. Kuna kampuni zinazovilinganisha na mfumo wa huku, tafuta zilizo chini ya umoja wao unaoitwa NACES. Kuvifuatilia NECTA ukiwa tayari huku utachoka.

Halafu hizi shule binafsi za CNA, hapa naomba msome polepole. Mwaka wangu wa pili nililipa dola 1,150 kwenye shule moja ya binafsi, niliposoma vipindi viwili kazini wakanibadilishia shifti. Nikaenda kuomba hela yangu, wakanionyesha ukurasa wa nyuma wa fomu niliyosaini mwenyewe: ukishahudhuria kipindi cha kwanza hakuna kurudishiwa. Hata senti. Nilisaini bila kusoma kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na yule msichana alikuwa anaharakisha. Nikaanza upya shule nyingine nikalipa tena, ukiacha kipimo cha TB, chanjo na kukaguliwa rekodi za polisi ambavyo vilikuwa nje ya ada.

Kumbe kuna sheria ya nchi nzima tangu 1987 na sikuambiwa na mtu. Nyumba ya wazee inayopokea hela za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, ikiwa imekuajiri au imekuahidi kazi siku unayoanza mafunzo, hairuhusiwi kukutoza chochote, hata vitabu. Na kama ulijilipia mwenyewe halafu ukaajiriwa na nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12 tangu umalize, jimbo linatakiwa kuweka utaratibu wa kukurudishia kidogo kidogo kadri unavyofanya kazi. Mafunzo yenyewe kisheria hayapungui saa 75, majimbo mengine yanaongeza. Mimi nilikuja kuyajua haya kutoka kwa Mfilipino mmoja kazini, mwezi wa 14 tangu nimalize, ile miezi 12 imeshapita. Kwa hiyo tafuta kwanza nyumba ya wazee inayofundisha, uliza kama wanaajiri wanafunzi, ndio ufikirie kutoa hela yako. Na risiti tunza.

Nirudi kwa wifi. Jana usiku nilikaa na kanuni za usajili za ile shule, kurasa 23, nikasoma yote. Ukurasa wa 6 upo kabisa: mwanafunzi asiye na bili kwa jina lake anaweza kuleta kiapo cha mwenye nyumba au mpangaji kwamba anaishi naye, kimegongwa muhuri, pamoja na karatasi moja ya anuani kwa jina lake. Moja! Ile barua ya Social Security ambayo yule mama aliishika mkononi akaiweka pembeni. Fomu ya kiapo wanayo wao wenyewe hapohapo kaunta. Alikuwa nayo droo ya chini yake na alichagua kupaza sauti. Ni watu wangapi wamerudishwa wiki hii wasio na mtu wa kuwasomea kurasa 23 za Kiingereza, na hao ndio wamekuja kujifunza hicho Kiingereza?

Mtu wa kugonga muhuri yupo benki anapoweka hela kaka, kwa wateja wao ni bure. Kaka amepiga simu kampuni ya umeme, jina la wifi limeongezwa, lakini bili yenye majina mawili itatoka tarehe 15 na usajili unafungwa tarehe 12. Kwa hiyo Jumatatu ni kiapo, barua, na ukurasa wa 6 nimeuprinti nimepaka rangi ya njano. Wifi amesema safari hii ataongea yeye, mimi nikae kwenye kiti. Ruhusa ya kazini ataomba kaka.